Koili ya gari la zamani: omu 3, omu 1.5 na balasti, au ya elektroniki?

Anayetafuta koili ya gari la zamani, yaani kopo linalopandisha volti chache za betri kuwa maelfu ya volti za cheche, hukutana kwanza na maandishi ya kwenye boksi: volti 40,000, volti 50,000, cheche kali kuliko ya kiwandani. Hayo hayamsaidii kuchagua. Namba inayoamua ni ndogo, na mara nyingi imeandikwa chini ya kopo au haikuandikwa kabisa: ukinzani wa msokoto wa kwanza, unaopimwa kwa omu. Koili ya omu 3 na ya omu 1.5 zinafanana kama pacha. Zinakaa kwenye kishikio kilekile na kupokea nyaya zilezile. Ukizipachika pasipo pake, moja itaunguza pointi (vibati vinavyofunga na kukata umeme wa koili), na nyingine itakupa injini inayomisi kila unapokanyaga mafuta.

Zile volti za kwenye boksi nazo si uongo mtupu, ila zina masharti. Volti hupanda hadi pale cheche inapoweza kuruka kwenye plagi, kisha hazipandi tena. Kwa plagi yenye mwanya wa mm 0.65 kwenye injini ya kawaida, cheche huruka volti zikiwa kati ya 8,000 na 15,000 hivi. Uwezo unaozidi hapo unabaki akiba: unasaidia plagi zikichakaa au injini ikibebeshwa mzigo, lakini hauongezi nguvu ya gari.

Ampea 4 ndizo zinazopanga kila kitu

Ndani ya kopo mna misokoto miwili. Wa kwanza ni wa waya mnene, mizunguko mia chache tu. Wa pili ni wa waya mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Pointi za distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi) zikifunga, mkondo unapita kwenye msokoto wa kwanza na kujenga uga wa sumaku. Pointi zikiachana, uga huo unaporomoka ghafla, na msokoto wa pili unatoa cheche. Kondensa (kwa kawaida mikrofaradi 0.18 hadi 0.25) hupokea mkondo ambao la sivyo ungeruka katikati ya pointi na kuzila.

Pointi zina kikomo. Zikibebeshwa ampea 4 au karibu 5 zinadumu maelfu ya kilomita. Zikibebeshwa 8 au 9 zinageuka buluu, zinachimbika, na mwanya unahama ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo mtengenezaji yeyote aliyetumia pointi alilazimika kuufikisha mkondo kwenye ampea 4 hivi, na zipo njia mbili za kufika huko. Tofauti ya koili hizi inaanzia hapo.

| Aina | Msokoto wa kwanza | Inavyolishwa | Mahali pake |
|---|---|---|---|
| Ya volti 12 bila balasti | omu 2.8–3.5 | volti 12 moja kwa moja | pointi. Pia moduli nyingi za ndani ya distributa (vifaa vya elektroniki vinavyokaa badala ya pointi) |
| Ya balasti | omu 1.2–1.8 | volti 12 kupitia rezista ya omu 1.5 hivi | pointi, kwenye gari lililotoka kiwandani na balasti |
| Ya volti 6 | omu 1.0–1.5 | volti 6 moja kwa moja | magari ya volti 6 |
| Ya elektroniki | omu 0.4–0.8 | kupitia moduli inayodhibiti mkondo | kamwe si pointi |

Msokoto wa pili hausaidii sana kutambua aina. Kwa zote huangukia kati ya omu 5,000 na 15,000, na unapimwa ili kujua kama umekatika.

Omu 3 moja kwa moja, au omu 1.5 na balasti?

Koili ya omu 3 ndiyo nyepesi kueleweka. Umeme unatoka kwenye swichi ya funguo, unaingia kwenye koili, unatokea kwenye pointi, unarudi kwenye bodi. Volti 12 gawanya kwa omu 3 ni ampea 4. Hakuna kitu kingine njiani cha kuharibika. Volkswagen Beetle za volti 12 zilitumia mpango huu, na Morris Minor na Mini za mwanzo vilevile.

Udhaifu wake unaonekana wakati wa kuwasha. Stata inapozungusha injini ya baridi, betri inashuka hadi volti 9 au 10. Koili ya omu 3 inapata ampea 3 tu, na cheche inadhoofika katika dakika ileile ambayo oili ya injini ni nzito, plagi zimelowa na injini ina kiu ya moto mkali.

Mpango wa balasti umejibu tatizo hilo. Koili inatengenezwa na omu 1.5, halafu rezista ya omu 1.5, ndiyo balasti yenyewe, inawekwa njiani. Gari likitembea, jumla ni omu 3 na mkondo ni uleule wa ampea 4. Ukipiga stata, waya wa pili unaotoka kwenye stata au kwenye swichi ya funguo unairuka rezista na kuipa koili umeme wote wa betri. Volti 9 gawanya kwa 1.5 ni ampea 6. Mkondo unakuwa mara mbili ya ule wa koili ya omu 3, kwa betri ileile iliyochoka.

Faida ya pili haisemwi sana, na kwa injini ya silinda 6 au 8 ndiyo kubwa zaidi. Mkondo haufiki ampea 4 papo hapo. Unapanda taratibu, na kwenye koili yenye mizunguko michache, kama ile ya balasti, unapanda haraka zaidi. Chukua injini ya silinda 4 kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika. Inahitaji cheche 167 kila sekunde. Kati ya cheche na cheche kuna milisekunde 6, na pointi zimefungwa kama 4 kati ya hizo, muda wa kutosha. V8 kwa mwendo huohuo inataka cheche 333 kwa sekunde, na pointi zinafunga milisekunde 2 tu kila mara. Hapo koili ya omu 3 inakatizwa kabla haijashiba, lakini ya balasti inakuwa imekaribia kilele chake.

Kwa hiyo kwa silinda 4 ambalo halikuwahi kuwa na balasti, baki na omu 3. Kuongeza balasti kunadai waya wa kuruka, kishikio cha rezista na viungo vinne zaidi vya kushika kutu, na faida yake ni kuwaka kwa urahisi asubuhi ya baridi, jambo ambalo betri nzima na plagi safi hulimaliza. Kwa silinda 6 na 8 ambalo lilikuja na balasti, usiing'oe.

Kuchanganya mifumo hii miwili ndiko kunakoua vifaa vingi. Koili ya omu 1.5 ikilishwa volti 12 bila balasti inavuta ampea 8, na alternata ikipandisha hadi volti 14 inavuta zaidi ya 9. Funguo ikiachwa wazi na pointi zimefunga, ndani ya kopo mnazalishwa joto la wati 96. Hata koili sahihi ya omu 3 katika hali hiyo inazalisha wati 48, kama balbu ya taa ya mbele iliyofungiwa ndani ya mkebe wa oili. Ndiyo sababu funguo haiachwi wazi zaidi ya dakika moja au mbili injini ikiwa imezima, awe mtu anasikiliza redio au anapima nyaya.

Kinyume chake, koili ya omu 3 kwenye gari lenye balasti inapata ampea 2.7 tu, maana jumla sasa ni omu 4.5. Gari litawaka, litanguruma vizuri limesimama, litatembea mjini bila shida. Kwenye mlima, au ukitaka kulipita gari jingine, linaanza kumisi. Wengi huhangaika na kabureta wiki nzima kwa kosa hili.

Kujua gari lako lina mpango upi

Usiamini kitabu peke yake, kwa kuwa gari la miaka 50 limepitia mikono mingi. Balasti ya kauri, ile ya Chrysler iliyofungwa kwenye ukuta wa injini, inaonekana kwa macho. Lakini Ford Escort na Cortina za miaka ya 1970, MGB za bampa za mpira, na magari mengi ya General Motors yana waya maalumu wenye ukinzani uliofichwa ndani ya kifurushi cha nyaya. Kwa nje ni waya tu. Ukiukata na kuunga waya wa kawaida, umeondoa balasti bila kujua.

Kipimo ni hiki. Fungua kifuniko cha distributa, zungusha injini hadi pointi zifunge. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye terminali ya koili inayotoka kwenye swichi, nyingine kwenye bodi. Fungua funguo kwa muda mfupi. Ukisoma volti 6 hadi 9, kuna balasti. Ukisoma karibu sawa na betri, hakuna. Pointi zikiwa wazi utasoma volti 12 kwa mpango wowote, kwa sababu hakuna mkondo unaopita, na hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Kisha zima, toa nyaya za koili, pima ukinzani kati ya terminali mbili ndogo. Kabla ya hapo gusanisha ncha za mita zenyewe: nyingi husoma omu 0.2 au 0.3 za nyaya zake tu. Toa namba hiyo. Kwa koili ya omu 0.6 kosa la 0.3 ni nusu ya kipimo. Pima koili ikiwa baridi pia, maana shaba inaongeza ukinzani kwa joto; iliyosoma 3.0 kwenye nyuzi 20 itasoma 3.7 hivi kwenye nyuzi 80, na ni nzima.

Balasti yenyewe inajitambulisha kwa tabia mbili. Injini ikiwaka unapopiga stata na kuzima mara tu unapoachia funguo, rezista imekatika. Ikikataa wakati wote wa stata na kushika palepale unapoachia, waya wa kuruka ndio haufanyi kazi. Tabia hizi zinafanana kwa haraka, ila dawa zake ni tofauti kabisa.

Koili za michezo

Hizi, zinazouzwa kwa ahadi ya cheche kali kuliko ya kiwandani, kwa kawaida ni koili za omu 3 (zipo pia za balasti) zenye uwiano mkubwa zaidi wa mizunguko. Ukiifunga na kuacha plagi kwenye mm 0.65, hutaona tofauti kwenye injini iliyokuwa na koili nzima. Inaanza kulipa ukiongeza mwanya wa plagi hadi mm 0.8 au 0.9, au kama mgandamizo wa injini umeongezwa kupita wa kiwandani.

Hapo rota, ile inayozunguka ndani ya distributa, na kifuniko cha distributa vinaanza kubeba volti nyingi kuliko zamani. Cheche hutafuta njia rahisi, na rota ya plastiki dhaifu yenye ribiti ya chuma inatobolewa: moto unaruka kutoka kwenye shaba ya juu hadi kwenye shafti, na gari linazima bila dalili. Ukiipindua rota hiyo utaona kitundu cheusi kidogo kuliko kichwa cha pini. Anayeweka koili ya michezo aweke na rota nzuri isiyo na ribiti, kifuniko kisicho na nyufa, na nyaya mpya za plagi. Kama hataki kubadilisha hivyo, koili ya kawaida inamtosha.

Elektroniki: moduli ni kitu kimoja, koili ni kingine

Watu husema "nimeweka elektroniki" wakimaanisha mambo mawili. La kwanza ni moduli ndogo inayokaa ndani ya distributa badala ya pointi, ikisoma sumaku iliyovishwa kwenye shafti. Nyingi za aina hii hutumia koili ileile ya zamani, na maelekezo yake yanataja ukinzani wa chini kabisa unaoruhusiwa, mara nyingi omu 3 kwa silinda 4 na 6, na omu 1.5 kwa silinda 8. Ukishuka chini ya hapo, moduli inaungua badala ya pointi. Waya wake wa chanya unataka volti 12 kamili, kwa hiyo unaungwa kabla ya balasti, upande wa swichi. Na nyaya za plagi ziwe za kiini cha kaboni. Zile za shaba tupu zinarusha usumbufu wa umeme unaoichanganya moduli.

La pili ni mfumo mzima wenye koili ya omu 0.6 hivi, kama ule wa General Motors ulioenea kuanzia 1975 na koili yake juu ya kifuniko cha distributa. Koili hizi zina nguvu kweli na zinaruhusu mwanya wa plagi wa mm 1 na zaidi. Lakini volti 14 gawanya kwa 0.6 ni ampea 23. Moduli yake inaukata mkondo kabla haujafika huko. Pointi haziwezi. Koili ya namna hii iliyofungwa kwenye gari la pointi, kwa sababu tu ilikuwa karibu, inaweza kuziunganisha pointi kwa joto.

Kati ya pointi na moduli ya ndani ya distributa, moduli inashinda kwa uthabiti: haichakai, muda wa cheche hauhami, na shafti iliyolegea kidogo haiisumbui kama inavyosumbua pointi. Pointi zinashinda kwa jambo moja lenye uzito. Zikiharibika njiani, tupa ndogo, bisibisi na fila (kipimo cha mwanya) ya mm 0.4 vinakufikisha nyumbani. Moduli ikifa imekufa. Anayesafiri mbali na moduli abebe bamba lake la zamani likiwa na pointi na kondensa tayari, na kabla ya safari ahakikishe analiweza kulibadilisha kwa mikono yake.

Oili au epoksi

Koili nyingi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia zilijazwa lami. Ukikuta matone meusi magumu chini ya kopo, joto lilishaipitia. Zilizofuata zilijazwa oili ya transfoma, na bado ndizo zinazofaa magari mengi ya zamani. Oili inachukua joto kutoka kwenye waya na kulipeleka kwenye kopo, hivyo zinavumilia kazi ya saa nyingi. Hazipendi mtetemo mkubwa, na hazipendi kufungwa kichwa chini, kwa sababu ndani kuna nafasi ya hewa ya kuruhusu oili itanuke na hewa hiyo ikihama inaacha sehemu ya waya bila kupoozwa. Ifunge terminali zikiwa juu. Ukiitikisa karibu na sikio utasikia oili ikicheza kidogo. Ikicheza sana kama chupa iliyobaki nusu, imevuja.

Za epoksi ni ngumu, hazivuji, zinakaa pembe yoyote, na zinafaa zikifungwa moja kwa moja kwenye injini inayotikisika. Joto linatoka polepole zaidi. Kwa gari la barabarani lenye nafasi kwenye ukuta wa pembeni, chagua ya oili na uiweke mbali na bomba la moshi. Kwa trekta, gari la njia mbovu, au injini ambayo kishikio chake kinailaza koili, chagua epoksi.

Upande wa chanya na hasi

Koili ikiungwa kinyume gari linawaka. Ndiyo maana kosa hili linaishi miaka. Cheche inapaswa kutoka kwenye ncha ya katikati ya plagi ikiwa hasi, kwa kuwa ncha hiyo ndiyo yenye joto kali na elektroni zinaiacha kwa urahisi. Ukigeuza, koili inalazimika kupandisha volti zaidi kwa cheche ileile, na akiba yote uliyonunua inaliwa hapo.

Gari lenye hasi kwenye bodi: terminali ya chanya (+) iende kwenye swichi, ya hasi (−) iende kwenye distributa. Koili za Ujerumani zimeandikwa 15 kwa swichi, 1 kwa distributa, na 4 kwa waya mkubwa wa moto. Gari lenye chanya kwenye bodi, kama Morris Minor na Land Rover nyingi za Uingereza hadi miaka ya 1960: hasi iende kwenye swichi, chanya kwenye distributa. Koili za Lucas (kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme wa magari) za enzi hizo ziliandikwa SW na CB, yaani swichi na pointi, na zilipangwa kwa chanya kwenye bodi. Gari likigeuzwa kuwa hasi kwenye bodi, nyaya hizo mbili zinabadilishana. Wengi hugeuza betri na dainamo wakaisahau koili.

Kuthibitisha, chukua penseli ya mbao iliyokauka vizuri, ishike kwa koleo yenye mpira, weka ncha yake kwenye njia ya cheche kati ya waya wa plagi na plagi iliyogusishwa bodi. Mwako wa rangi ya chungwa ukitokea upande wa plagi, uko sawa. Ukitokea upande wa waya, geuza. Plagi za zamani nazo hutoa ushahidi: mkono wa pembeni ukiwa umelika kishimo kama kijiko, gari hilo limetembea kinyume muda mrefu.

Kabla ya kuihukumu koili

Koili nyingi zinazotupwa ni nzima. Gari linatembea dakika 20, linakata kata, linazima, na baada ya nusu saa linawaka kama kwamba hapakuwa na neno. Koili inaweza kufanya hivyo, kwa kuwa ufa mdogo kwenye insulesheni unafunguka ukipata joto. Kondensa inafanya hivyohivyo. Petroli inayochemka kwenye bomba au kabureta nayo vilevile.

Pale pale linapozima, kabla ya kupoa, vua waya mkubwa wa katikati ya distributa, uchomeke kwenye plagi ya akiba, bana plagi hiyo kwenye bodi, piga stata. Cheche ya buluu yenye mlio wa kukatika inakuelekeza kwenye mafuta. Ikiwa ya njano, nyembamba au haipo, anza na kondensa: tenganisha ya zamani, unga nyingine kati ya terminali ya koili ya upande wa distributa na bodi, jaribu tena. Kondensa kwanza, kwa sababu ni kazi ya dakika mbili. Ikibaki vilevile, ndipo koili. Usiache waya mkubwa ukining'inia hewani wakati wa stata: volti zikikosa pa kurukia hupanda hadi zitoboe insulesheni ya ndani, na unakuwa umeua koili uliyotaka kuipima.

Mita ya kawaida haioni ufa wa insulesheni, kwa kuwa inapima kwa volti moja au mbili. Inaona waya uliokatika na mizunguko iliyogusana tu. Kwa hiyo koili inayosoma omu sahihi bado inaweza kuwa mbovu ikipata moto, lakini inayosoma omu zisizo zake ni mbovu bila ubishi. Pima pia kati ya terminali ndogo na kopo: isome zaidi ya omu milioni 1.

Kipimo kingine kinachookoa pesa ni volti zinazopotea kwenye pointi. Pointi zikiwa zimefunga na funguo wazi, pima kati ya terminali ya koili ya upande wa distributa na bodi. Isizidi volti 0.2. Ikizidi, pointi ni chafu, au ule waya mfupi laini unaounganisha bamba la distributa umekatika ndani ya kitambaa chake. Koili mpya haitibu hilo.

Kisha angalia mdomo wa koili unapoingia waya mkubwa. Mstari mweusi mwembamba kama mzizi, unaoshuka kutoka mdomoni hadi kwenye terminali, ni njia ya kaboni. Kitambaa hakiutoi. Koili hiyo imekwisha hata kama omu zake ni kamili.

Kubadilisha

Tenganisha betri upande uliounganishwa na bodi. Piga picha, funga alama kwenye kila waya mdogo. Penye balasti nyaya zinaweza kuwa tatu. Legeza kishikio, telezesha koili nje. Linganisha mdomo wa mpya na wa zamani kabla ya kuondoka dukani, maana nyingi za zamani zinafungwa waya mkubwa kwa kofia ya kuzungusha na washa ya shaba, na nyingine ni za kusukuma. Waya wa kiini cha kaboni haufai kwenye zile za kuzungusha, kwa kuwa zinategemea nyuzi za shaba zilizotandazwa chini ya washa.

Usikaze kishikio kupita kiasi. Kopo likibonyea linasogelea waya wa ndani. Kopo halihitaji kugusa bodi ili koili ifanye kazi, kwa hiyo rangi chini ya kishikio haina madhara. Sugua vichwa vya nyaya kwa msasa laini, na mpira wa mdomoni ushuke hadi mwisho. Ukimaliza, pima mwanya wa pointi: mm 0.35–0.40 kwa distributa nyingi za Lucas, 0.40 kwa Bosch ya Beetle. Acha injini inguruma dakika 15, kisha gusa kopo. Joto la kawaida linavumilika mkononi. Likikufanya uondoe mkono mara moja, rudi upime omu na balasti.

Volti 6 na koili za mtetemo

Gari la volti 6 linataka koili ya volti 6, na hapa hasara ndogo zinaumiza. Volti 0.5 zilizopotea kwenye swichi iliyochakaa ni sehemu ya 12 ya umeme wote. Nyaya nene na viungo safi vina faida kuliko koili yoyote ya bei kubwa. Ukibadilisha gari kwenda volti 12, koili ya volti 6 inaweza kubaki ukiweka rezista ya omu 1.5 njiani, ilimradi jumla ifike omu 3 hivi, lakini koili mpya ya omu 3 ni njia safi zaidi.

Ford Model T, iliyotengenezwa 1908 hadi 1927, haiingii kwenye ulinganisho huu. Ina koili nne ndani ya masanduku madogo ya mbao, kila moja na pointi zake zinazotetemeka juu. Hazibadilishwi kwa koili ya kopo, zinatengenezwa. Kinachokufa mara nyingi ni kondensa ya karatasi iliyozikwa kwenye lami ya ndani, na inayowekwa badala yake ni ya kisasa ya mikrofaradi 0.47 yenye kuhimili angalau volti 400. Baada ya hapo kila koili inarekebishwa ivute ampea 1.3, zote nne sawasawa, la sivyo silinda moja itawaka nyuma ya wenzake.

Koili ya akiba ya kubeba garini iwe ya omu zilezile, na ifanyiwe kazi kwanza: ifunge, tembea nayo siku nzima, ndipo uirudishe ya zamani. Andika omu zake kwa kalamu ya wino mzito kwenye kopo, pamoja na neno "balasti" au "bila balasti", uizungushie kitambaa, na uiweke ikiwa imesimama wima.